Ukipita Miaka Thelathini, Mwili Huweka Hesabu

Je, una miaka mingapi? Kama umetimiza miaka 30 au umeipita, mazungumzo ya mwezi huu ni yako. Kama hujaifikia, soma vilevile. Kisha msomee baba, mama, kaka au dada yako aliyeipita.

Kijana wa miaka 20 anaweza kukesha ngomani na asubuhi akaenda shambani. Anaweza kunywa pombe jioni, na kesho yake akabeba gunia. Mwili wake humsamehe upesi. Lakini mtu akipita miaka 30, mambo huanza kubadilika. Hayabadiliki kwa siku moja. Misuli hupungua nguvu polepole. Mishipa ya damu huanza kukaza. Mtu haoni chochote, wala hasikii maumivu. Hudhani yeye ni yule yule wa jana.

Mwili ni kama mwenye duka anayekopesha. Leo unachukua sabuni, kesho sukari, keshokutwa mafuta ya taa. Mwenye duka hasemi neno. Anaandika tu katika daftari lake. Siku anapokuja kudai, anadai yote kwa pamoja.

Nitawaeleza jinsi deni la namna hiyo lilivyodaiwa katika nyumba yetu.

KADI YA KAKA YANGU

Nina kaka mkubwa. Yeye ni kifungua mimba wa mama yetu. Tulipokuwa watoto, baba alikuwa na ng'ombe wachache, na ng'ombe lazima wachungwe. Kaka akabaki na ng'ombe. Mimi nikapelekwa shule. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi. Yeye alichunga ili mimi nisome.

Kaka alikua mtu wa nguvu. Kijijini kwetu, karibu na Ziwa Victoria, hakuna aliyemshinda kulima. Aliweza kumaliza sehemu yake ya shamba la pamba na kumsaidia jirani. Chakula chake alikipenda kikolee chumvi. Kila alipoketi kula, kibakuli cha chumvi kiliwekwa karibu naye. Alivuta sigara. Jioni alipenda kukaa na wenzake kilabuni.

Mwaka 2016, akiwa na miaka 34, aliumia mguu kwa jembe. Akaenda zahanati. Muuguzi alimsafisha kidonda, kisha akamfunga mkanda wa kupimia presha mkononi. Akampima mara mbili. Akamwambia, "Baba, presha yako iko juu sana."

Kaka akajibu, "Muuguzi, mimi naumwa mguu. Kichwa hakiniumi, wala moyo hauendi mbio."

Muuguzi akamwambia arudi tena apimwe. Akarudi, na presha ilikuwa vilevile juu. Akapewa vidonge vya mwezi mmoja na kadi. Aliambiwa apunguze chumvi, aache sigara, na arudi vidonge vikiisha.

Kaka alimeza vidonge vyote. Hakurudi. Aliniambia baadaye, "Mdogo wangu, niliona nimepona. Tena sikuwa nimeumwa tangu mwanzo." Kadi akaiweka sandukuni pamoja na stakabadhi za pamba.

Miaka 7 ikapita. Asubuhi moja mwaka 2023 kaka aliamka, akataka kusimama, akaanguka. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alitaka kusema, maneno hayakutoka. Alikuwa na miaka 41.

Wazee wakasema ni upepo mbaya. Akapelekwa kwa mganga wa kienyeji, akakaa huko siku mbili. Siku ya tatu ndipo tulipomfikisha hospitali. Daktari alisema ni kiharusi. Mshipa wa damu katika ubongo ulikuwa umeharibika kwa sababu ya presha iliyokaa juu muda mrefu.

Shemeji yangu alikuja na vitu vya kaka katika mfuko. Ndani yake ilikuwamo ile kadi. Niliisoma pale pale kwenye benchi. Iliandikwa wazi kwa wino wa buluu: 170/110. Chini yake ilikuwa tarehe ya kurudi.

Kaka hakujua kusoma. Shemeji hakujua kusoma. Lakini mimi najua. Kwa miaka 7 nilikwenda nyumbani kwa kaka sikukuu na misiba. Nililala katika chumba kile kile chenye lile sanduku. Sikuwahi kumwuliza, "Kaka, ulipokwenda zahanati walikuandikia nini?" Yeye alichunga ng'ombe ili mimi nisome, na mimi sikumsomea kadi moja.

Kwa ajili hiyo naandika haya. Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma juzi, una kitu mkononi ambacho kaka hakuwa nacho. Kitumie kwa mwili wako, na kwa miili ya watu wa nyumbani kwako.

ADUI WA ZAMANI NA ADUI WA SASA

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio. Walijifunza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Baada ya kusikiliza walijadiliana, kisha walifanya kazi. Walichimba vyoo, walifyeka majani, walifukia madimbwi. Adui alijulikana. Alikuwa mbu, minyoo na maji machafu.

Adui hao bado wapo, na lazima tuendelee kupambana nao. Lakini sasa ameongezeka adui mwingine. Huyu haingii kwa kuumwa na mbu. Hulelewa na mazoea yetu wenyewe: namna tunavyokula, tunavyokunywa, tunavyovuta, tunavyofanya kazi na tunavyolala. Presha, kisukari na kiharusi vilikuwa vikiitwa magonjwa ya matajiri wa mjini. Siyo kweli tena. Yapo vijijini, katika nyumba za nyasi na za bati.

Si kila mgonjwa amejiletea ugonjwa wake. Wengine huzaliwa katika ukoo wenye presha. Hao nao wana sababu kubwa zaidi ya kujipima mapema.

PRESHA NI NINI?

Moyo ni kama pampu. Husukuma damu kupitia mishipa mpaka ifike mwili mzima. Damu inaposukumwa, hukandamiza kuta za mishipa. Nguvu hiyo ya kukandamiza ndiyo tunayoiita presha, au shinikizo la damu.

Umewahi kuona mpira wa kumwagilia maji? Maji yakipita kwa nguvu ya kiasi, mpira hudumu. Yakipita kwa nguvu nyingi kila siku, mpira huchoka, mwisho hupasuka. Mishipa ya damu nayo ni hivyo. Ikichoka huharibu moyo, figo, macho na ubongo.

Presha huandikwa kwa namba mbili. Namba ya juu ni nguvu wakati moyo unasukuma. Namba ya chini ni nguvu wakati moyo unapumzika kati ya pigo na pigo. Mtu mzima mwenye presha nzuri huwa na kama 120/80. Ikipimwa siku mbalimbali ikaonekana 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu. Kaka alikuwa na 170/110.

Jambo la kukumbuka ni hili: watu wengi wenye presha ya juu hawasikii maumivu yoyote. Usingoje kichwa kikuume. Njia ya kujua ni moja tu, nayo ni kupimwa.

Kabla ya kupimwa, kaa kitini upumzike dakika 5. Usivute sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa ya mwisho. Kama una haja ndogo, enda kwanza. Wakati wa kupimwa usizungumze. Ukimaliza, uliza namba zako mbili. Usikubali kuambiwa tu, "Uko sawa." Sema kwa heshima, "Naomba niandikie namba zangu." Hiyo ni haki yako.

CHUMVI: HESABU YA PAKITI

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Kiasi hicho ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kilichosawazishwa. Watoto wanahitaji pungufu ya hapo.

Utajuaje kama nyumba yako inazidisha? Tufanye hesabu. Tuseme mko watu wazima 6. Mara gramu 5, hizo ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Gawanya 500 kwa 30. Utapata siku 16 na zaidi kidogo.

Basi nunua pakiti ya nusu kilo. Andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha kabla ya siku 16, mnazidisha. Na kama mnakula samaki wa chumvi au dagaa waliotiwa chumvi, pakiti ilipaswa ikae hata zaidi ya hapo. Chumvi ya samaki nayo imo katika hesabu.

Sisi nyumbani kwangu tulifanya hesabu hii. Tuko watu 6, na wawili ni watoto. Pakiti yetu ilikwisha kwa siku 9. Mke wangu alicheka, akasema, "Baba Neema, kumbe tunakula chumvi kama ng'ombe!" Tulianza siku hiyo hiyo.

Punguza hivi:

Kwanza, ondoa kibakuli cha chumvi mahali pa kulia. Chumvi itiwe jikoni tu.

Pili, mpishi apunguze kidogo kidogo. Ukipunguza yote kwa siku moja, watu watanung'unika. Ukipunguza kidogo kila wiki, ulimi huzoea.

Tatu, samaki wa chumvi aloweshwe, maji yamwagwe, ndipo apikwe.

Nne, tia ladha kwa ndimu, kitunguu, nyanya, tangawizi au pilipili. Vile vipande vidogo vya kiungo cha mchuzi vinavyofungwa katika karatasi vina chumvi nyingi. Ukivitumia, usiongeze chumvi nyingine.

Lakini msiache chumvi kabisa, wala msirudie chumvi isiyopimwa. Nunueni chumvi yenye madini joto. Madini hayo huzuia uvimbe wa tezi shingoni, na husaidia ubongo wa mtoto kukua tangu akiwa tumboni mwa mama. Tunapunguza kiasi, hatubadili aina.

SAHANI YA MTU MZIMA

Mtu wa miaka 40 hahitaji kula kama alivyokula akiwa na miaka 18, hasa siku asizolima. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe nyeupe, maana dona hubaki na kiini na ganda la mahindi. Mboga za majani ziwe nyingi. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya kunde hupatikana bila gharama kubwa. Maharage na kunde ni chakula cha nguvu. Wakati wa maembe na mapapai, tusiuze yote na kununua soda. Chupa moja ya soda mara nyingi ina sukari inayofika vijiko 7 vidogo au zaidi.

Chai nayo itazame. Kama unatia vijiko 4 katika kikombe, tia 3 mwezi huu, na 2 mwezi ujao.

TUMBAKU NA POMBE

Sigara, kiko na ugoro, vyote ni tumbaku. Moshi wa tumbaku hukaza mishipa na kuharibu mapafu. Mtu mwenye presha anayevuta sigara anajibebesha mizigo miwili. Anayewavutia watoto ndani ya nyumba huwabebesha na wao.

Kuacha ni kazi ngumu. Sitawadanganya. Chagua siku, uwaambie watu wa nyumbani, na siku hiyo usiweke hata sigara moja mfukoni. Hamu ikija, kunywa maji, au tembea mpaka ipite. Ukishindwa mara ya kwanza, anza tena. Wengi walioacha hawakuacha kwa mara moja.

Pombe hupandisha presha, na huchukua fedha za sabuni na daftari. Anayekunywa kila siku aanze kwa kuweka siku za kutokunywa. Asiyekunywa asianze. Na mwenye kidonge cha kumeza asingoje kilabuni mpaka akisahau.

KAZI, KUTEMBEA NA USINGIZI

Wapo watakaosema, "Mkulima anafanya mazoezi kuliko mtu yeyote." Ni kweli wakati wa masika. Lakini kiangazi je? Wanaume wengi hukaa chini ya mwembe na bao kuanzia asubuhi hadi jioni. Dukani wanakwenda kwa bodaboda. Mwili unaofanya kazi miezi mitano na kukaa miezi saba hupoteza nguvu.

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za kazi au mwendo unaomfanya apumue kwa kasi kidogo. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Tembea kwa mwendo wa haraka kwenda mnadani. Chimba shimo la mbolea. Tengeneza boma. Chota maji.

Naam, chota maji, hata wewe mwanamume. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Mama mwenye miaka 35 amekwisha kuibeba mara nyingi tusizoweza kuzihesabu. Yeye hakosi mazoezi. Yeye anakosa kupumzika. Nyumba yenye baiskeli na baba mwenye afya haina sababu ya kumwachia mama ndoo zote.

Tunapobeba mzigo, tukunje magoti, mgongo unyooke, ndipo tunyanyue. Gunia libebwe na watu wawili. Mpini wa jembe uwe mrefu wa kutosha usikukunje mgongo siku nzima.

Na usingizi? Mtu mzima anahitaji kulala kwa muda wa saa 7 au zaidi kila usiku. Siku hizi simu inawakesha watu kuliko ngoma. Weka simu mbali na mkeka wako. Na jikoni toboeni dirisha, au tengenezeni jiko sanifu lisilotoa moshi mwingi. Moshi wa kuni ukivutwa kila siku huumiza macho, mapafu na moyo wa mpishi.

NENO KWA AKINA MAMA WA MIAKA 30

Akina mama, umri wa miaka 30 una jambo lake. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kupimwa saratani ya mlango wa kizazi akifika miaka 30. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema, akiwa na miaka 25.

Saratani hii huchukua miaka mingi kukua. Mwanzoni huwa ni mabadiliko madogo tu, na hayaumi. Katika vituo vingi mtaalamu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi. Mahali palipobadilika huonekana peupe. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Mabadiliko yakionekana mapema, yanaweza kutibiwa kabla hayajawa saratani.

Wengine wanaona aibu. Nendeni wawili au watatu, mama na wifi yake, au jirani na jirani. Na sisi waume tusiulize, "Unakwenda kufanya nini?" Tuulize, "Umerudi salama? Wamesemaje?"

KIDONGE SI CHA MWEZI MMOJA

Baadhi ya watu wenye presha wanaweza kuishusha kwa kubadili mazoea tu. Wengine wanahitaji vidonge pia. Ukipewa vidonge, vimeze kila siku kwa saa ile ile. Presha ikishuka, usiseme umepona. Imeshuka kwa sababu unameza. Presha ni kama ng'ombe mkorofi aliyefungwa kamba. Ametulia kwa sababu ya kamba. Ukiifungua, ataingia shambani.

Usimpe jirani vidonge vyako, wala usichukue vyake. Kidonge kikikudhuru, rudi zahanati wakubadilishie. Usiache kimya kimya.

Na mtu akipatwa na kiharusi, mtamjua hivi: mdomo huenda upande, mkono au mguu wa upande mmoja hulegea, maneno huwa mazito au hayatoki. Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, usingoje kesho. Usimpe chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa. Mlaze kwa upande, tafuta usafiri, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kumbuka ameanza saa ngapi, daktari atauliza. Sisi tulipoteza siku mbili. Hatukuweza kuzirudisha.

DAFTARI LA MWILI

Ndugu msomaji, sikutaki ubadili mambo yote kesho. Anayeanza mambo kumi kwa siku moja huyaacha yote kabla mwezi haujaisha. Haba na haba hujaza kibaba. Chagua zoea moja. Lishike mwezi mzima. Mwezi ujao ongeza jingine. Kwa mwaka utakuwa umebadili mambo 12.

Chukua daftari la kawaida la shule. Juu andika jina lako na mwaka uliozaliwa. Kisha andika mistari minne:

1. Tarehe niliyopimwa.
2. Namba zangu za presha.
3. Zoea ninalobadili mwezi huu.
4. Tarehe ya kurudi zahanati.

Kila mtu wa nyumbani aliyetimiza miaka 30 apate ukurasa wake. Asiyejua kuandika, mwandikie. Usikufungie sandukuni. Litundike mahali panapoonekana, karibu na mlango.

Kaka yangu anaishi. Anatembea kwa fimbo. Maneno yake yamerudi, ingawa ni ya polepole. Mkono wa kulia haujarudi. Ng'ombe wake wanachungwa na mtoto wa jirani kwa malipo, na nusu ya shamba la pamba limekuwa pori. Binti yake wa pili aliacha shule muhula mmoja ili amsaidie mama yake. Tumemrudisha shuleni, lakini muhula ule amekwisha kuupoteza. Kiharusi cha mtu mmoja ni mzigo wa nyumba nzima.

Mwaka jana kaka alijiunga na darasa la watu wazima. Ameanza kujifunza kusoma na kuandika, kwa mkono wa kushoto. Nilipokwenda kumwona, alinyoosha mkono huo akachukua daftari lililotundikwa karibu na mlango. Namba zimepinda, lakini zinasomeka. Mwezi ule alikuwa ameandika 132/84.

Akaniambia, "Mdogo wangu, soma."

Nikasoma kwa sauti. Akasema, "Ndiyo. Hata mimi naziona."

Kisha akaniuliza, "Na wewe, za kwako ni ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 38, na nilikuwa sijapimwa miaka minne. Niliona haya mbele yake. Kesho yake asubuhi nilikwenda zahanati. Ilikuwa 144/92. Nilirudi mara mbili nyingine, ikawa karibu na hapo. Sasa nami nina daftari, na ukurasa wangu umejaa nusu. Kibakuli cha chumvi kimeondoka. Natembea kwenda kazini.

Basi nawe nakuuliza lile aliloniuliza kaka: za kwako ni ngapi?

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo hukaa siku ngapi nyumbani kwako? Mko watu wangapi?
2. Kwa nini mtu anayejisikia mzima apimwe presha?
3. Taja dalili tatu za kiharusi. Utafanya nini ukiziona?
4. Katika kijiji chenu, nani wametimiza miaka 30 na hawajui kusoma? Nani atawasomea kadi zao?
5. Ni zoea gani moja utaanza kulibadili mwezi huu? Liandike.